Umekwama kwenye gemu: lini uchungulie mwongozo, lini uingize chiti

Kwenye Castlevania II: Simon's Quest, gemu iliyotoka Japani mwaka 1987 na kufika Marekani mwaka uliofuata, kuna mahali safari inagota. Mbele yako ni jabali. Hakuna mlango, hakuna ngazi, hakuna adui wa kupigana naye. Kinachotakiwa ni uwe na fuwele nyekundu, uichague kwenye orodha ya vifaa vyako, upige magoti pale kwenye jabali na utulie hivyo kwa sekunde kadhaa. Kinakuja kimbunga, kinakuzoa na kukupeleka unakotakiwa kwenda. Dokezo la kweli lipo ndani ya gemu, ila limefichwa mahali ambapo wengi hupita bila kujua. Dokezo lisilofichwa, unalopewa na mkazi mmoja ukizungumza naye, ni kwamba uligonge jabali kwa kichwa chako mpaka lipate tundu.

Mchezaji aliyekwama hapo siku nzima akiamua kutafuta jibu, wapo watakaomcheka. Kwao, anayesoma mwongozo hajacheza, amebebwa. Upande wa pili wapo wanaosema gemu ni yangu, muda ni wangu, nani anipangie? Ubishi huu haufiki popote, kwa sababu pande zote mbili zinachukulia kwamba kukwama ni kwa namna moja tu. Kukwama kuko kwa namna nyingi, na msaada unaokuokoa hapa utakuharibia pale. Kabla hujafungua ukurasa wa mwongozo au kuingiza chiti (maneno au vitufe vya siri vinavyobadilisha kanuni za gemu), jiulize: msaada huu unaniondolea nini, na je, hicho ndicho kilichonileta kwenye gemu hii?

Aibu iondoke kwanza

Msaada wa kumalizia gemu haukuletwa na wavivu wa intaneti. Waliouuza mwanzoni ni watengenezaji wenyewe. Miaka ya 1980 kampuni ya Infocom, iliyotengeneza Zork na gemu nyingine za maandishi matupu, iliuza vijitabu vilivyoitwa InvisiClues. Majibu yalichapwa kwa wino usioonekana mpaka uyapitishie kalamu maalumu. Nintendo ilikuwa na washauri waliokaa kwenye simu kujibu waliokwama, na kuanzia 1988 ikawa na jarida lake, Nintendo Power, lililojaa ramani na mbinu. Sierra, watengenezaji wa King's Quest, walikuwa na vitabu vya madokezo na laini ya simu ya kulipia. Sisemi mafumbo yalifanywa magumu ili simu ziite, lakini aliyetunga fumbo na aliyeuza jibu walikuwa wanalipwa na dirisha moja. Mwaka 1995 ilipoanzishwa tovuti ya GameFAQs, wachezaji walianza kuandikiana miongozo mirefu bila malipo, na biashara ile ikaanza kukosa wateja.

Kwa hiyo mwongozo ni sehemu ya utamaduni wa gemu tangu zamani. Kinachobaki ni kujua wakati wake.

Pale ambapo kosa si lako

Kuna kukwama ambako gemu yenyewe ndiyo yenye makosa. Kwenye King's Quest V ya mwaka 1990, paka anamkimbiza panya mbele yako. Tukio linapita kwa sekunde chache. Usipomrushia paka kitu, panya anakamatwa, na gemu inaendelea kama kawaida bila kusema neno. Baadaye sana unajikuta umefungwa kamba, na wa kuzitafuna alikuwa ni yule panya. Hapo hata uwe na akili za kupasua mwamba, huna la kufanya. Sevu zako zote, yaani hatua ulizohifadhi, za baada ya tukio la paka hazina thamani.

Final Fantasy XII ina mfano wa kukera zaidi. Katika toleo lake la awali, la mwaka 2006, kuna mkuki uitwao Zodiac Spear, miongoni mwa silaha kali kuliko zote. Njia ya uhakika ya kuupata ni kutofungua masanduku manne fulani yaliyotawanyika sehemu mbalimbali za safari, masanduku yasiyo na alama yoyote ya kuyatofautisha na mengine. Gemu inayokufundisha kwamba sanduku hufunguliwa, kisha ikakuadhibu kwa kulifungua, haina haki ya kudai uicheze bila msaada.

Katika hali hizi chungulia mapema, tena bila kujuta. Tatizo ni kwamba huwezi kujua mtego uko wapi kabla hujanaswa. Ninachoshauri kwa gemu ndefu, hasa za zamani, ni kutafuta kabla ya kuanza orodha ya vitu vinavyopitwa: vile ambavyo ukishavuka sehemu fulani huwezi kuvirudia. Waandishi wengi wa miongozo huiweka orodha hiyo peke yake, bila kugusa hadithi. Na ukihisi gemu imeharibika, kwa mfano mlango uliotakiwa kufunguka haufunguki au mhusika hatokei, tafuta mara moja kama wengine wamekutana na hitilafu hiyo. Kuitafutia hitilafu ya programu suluhisho la kifalsafa ni kupoteza jioni.

Pale ambapo jibu ndilo gemu yenyewe

Sasa geuza upande. Outer Wilds, ya mwaka 2019, inakupa chombo cha kurukia na mfumo mdogo wa sayari. Baada ya dakika 22 jua linalipuka na wewe unaamka tena pale ulipoanzia. (Hili nalitaja kwa kuwa utalikuta mapema mno hata bila mimi.) Humo hununui silaha, hupandi daraja, hupati nguvu mpya. Kinachovuka kutoka mzunguko mmoja kwenda mwingine ni yale uliyoyajua, na daftari la chombo linalokutunzia. Mtu mwenye jibu kamili angeweza kuimaliza ndani ya mzunguko mmoja. Maana yake ni kwamba ukisoma mwongozo wa gemu hii umekwishaicheza, na huwezi kuicheza tena, kwa sababu hakuna kitufe cha kusahau.

Return of the Obra Dinn ya mwaka 2018 iko kwenye ukoo huohuo. Meli imerudi bila watu, na kazi yako ni kumtambua kila mmoja kati ya watu 60 na kueleza yaliyompata. Mtengenezaji alijua kwamba mchezaji angebahatisha, kwa hiyo gemu inathibitisha majibu pale tu unapokuwa umepatia matatu. Utaratibu huo ni msaada uliopimwa vizuri: unakuzuia kubahatisha ovyo, lakini unakuruhusu kujaribu dhana mbili tatu juu ya msingi wa uhakika. Ukitafuta jina la mtu mmoja tu kwenye mwongozo, umejipunguzia kazi ya watu wengine kadhaa, kwa kuwa kila jina linalothibitishwa linabana yaliyobaki.

Ni kwenye gemu za namna hii ambapo namna ya kuchungulia inakuwa na uzito kuliko uamuzi wa kuchungulia. Rudi kwa vijitabu vya Infocom, maana sijaona mpangilio bora kuliko ule. Kila fumbo liliandikwa kama swali, na chini yake madokezo kwa ngazi. La kwanza lilikusukuma kidogo, la pili lilikuonyesha upande, la mwisho lilitoa jibu lenyewe. Ulifichua kimoja, ukafunga kijitabu, ukarudi kujaribu. Walitia hata maswali ya uongo kuhusu mambo yasiyokuwemo kwenye gemu, ili orodha ya maswali yenyewe isikutobolee siri. Aliyepanga vile alielewa kwamba mchezaji aliyekwama hataki jibu. Anataka kukwamuka, kisha aendelee mwenyewe.

Video ya kisasa inafanya kinyume. Ulitaka kujua ufunguo uko chumba gani, unaondoka umeona ufunguo, mlango, kilichokuwa nyuma ya mlango na uso wa msaliti. Kwa mafumbo, mwongozo wa maandishi bado ndio unaofaa: unatafuta neno ndani ya ukurasa, unasoma sentensi mbili, unafunga. Andika jina la mahali ulipokwama au la kifaa ulichoshika. Usiandike jina la mhusika, kwa sababu kisanduku cha kutafutia kinaweza kukumalizia sentensi kwa neno "kifo" kabla hujabonyeza chochote, na picha za video zilizopendekezwa pembeni zina tabia ya kuonyesha bosi wa mwisho, yaani yule adui mkubwa wa kumalizia.

Kama una rafiki aliyemaliza, una bahati kubwa zaidi, ila muulize vizuri. Swali ninalolipenda kuliko yote ni hili: "Je, nina kila kitu ninachohitaji hapa?" Jibu lake ni ndiyo au hapana, na linatosha kwa mara nyingi ajabu. Akisema hapana, unajua uache kulipigania fumbo hilo na urudi kuzunguka. Akisema ndiyo, unajua kosa liko kwenye fikra zako na kwamba kuendelea kukaza macho kutalipa. Mtu aliyekwama kwenye Obra Dinn akiambiwa "katazame tena wanapolala mabaharia" amepewa zawadi. Akiambiwa "huyo ni fulani" ameporwa.

Na uchungulie baada ya muda gani? Wanaotaja dakika wananichekesha. Mimi hutazama dalili. Mradi bado unapata wazo jipya la kujaribu, hujakwama. Unafikiri, na kufikiri ndiko ulikokulipia. Ukianza kurudia yaleyale kwa mpangilio uleule, au kusugua kila kifaa kwenye kila kitu kilichomo chumbani ukitumaini kimoja kitaitikia, raha imeisha. Lala kwanza kama unaweza, kwani mafumbo mengi huachia asubuhi. Yasipoachia, fungua dokezo la ngazi ya chini kabisa utakalolipata.

Mikono ikishindwa

Bosi aliyekuua mara nyingi ni habari nyingine. Hapa mwongozo unakuibia kidogo sana, kwa sababu kujua kwamba bosi hupumzika baada ya pigo la tatu hakukubonyezei vitufe. Bado ni wewe utakayekwepa kwa wakati. Hata Elden Ring, gemu yenye sifa ya ukatili, imejengwa juu ya kusaidiana: wachezaji huachiana ujumbe chini wenye kuonya kuhusu shimo au mvamizi aliyejibanza, na baadhi huandika uongo kwa makusudi, jambo ambalo nalo lina utamu wake. Hapa chungulia unavyotaka.

Kama tatizo ni kasi ya vidole, umri, ulemavu au uchovu wa kazi, kabla ya kukimbilia chiti angalia kama watengenezaji wameacha mlango rasmi. Mwaka 2009 kwenye New Super Mario Bros. Wii, ukifa mara nane katika hatua moja linatokea boksi la kijani. Ukiligonga, Luigi, ndugu yake Mario, anaicheza hatua hiyo mbele ya macho yako, na unaweza kumpokea usukani wakati wowote. Celeste, ya mwaka 2018, inakuruhusu kupunguza kasi ya mchezo mzima au kujifanya usiyeuawa. Hades ina utaratibu ninaouona wa busara kuliko yote: ukiwasha hali inayoitwa God Mode, madhara unayopata yanapungua kwa asilimia 20, na kila ukifa yanapungua kwa asilimia 2 zaidi, hadi kufikia 80. Gemu inakufuata ulipo, na kila kifo kinakusogeza mbele. Misaada hii imejaribiwa na waliotengeneza gemu, kwa hiyo haivunji hadithi wala sevu. Kwa chiti huna uhakika huo.

Chiti ni chombo cha fundi

Chiti nyingi za zamani zilizaliwa karakana. Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami alikuwa anahamishia gemu ya Gradius kwenye Famicom, mashine ya Nintendo, mwaka 1986, na gemu ilikuwa ngumu mno kwake kuicheza mpaka mwisho ili kuikagua. Akajitengenezea mfuatano wa vitufe: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A, na silaha zote zinakuja. Gemu ikaingia sokoni na mfuatano ukiwa ndani. Kwenye Contra mfuatano huohuo ukawa unatoa maisha 30, na kuna kizazi kizima kilichoweza kuufanya kimefumba macho. Doom ya 1993 nayo ilikuwa na IDDQD ya kutokufa na IDKFA ya silaha, risasi na funguo.

Ukikumbuka kwamba ni chombo cha ukaguzi, matumizi yake yanaeleweka: chiti hufaa pale unapotaka kuingia mahali kwa shughuli nyingine, na ushindi haukuhusu. Umemaliza hadithi na sasa unataka kuzunguka jiji na kufanya fujo. Umepoteza sevu na hutaki kurudia saa zote zile ili ufike ulipokuwa. Unajenga nyumba kwenye The Sims, na kinachokupendeza ni ujenzi. Basi andika motherlode upate simoleoni 50,000, ambazo ndizo pesa za humo, uendelee na madirisha yako.

Ila chukua chiti hiyohiyo umpe mtu anayecheza The Sims kwa ajili ya kuigiza maisha: kijana amepanga chumba, jiko bovu limeshika moto, kazini anachelewa, anadunduliza hadi anunue kitanda kizuri. Simoleoni 50,000 zikiingia, hadithi hiyo imekufa papo hapo, kwa sababu uhaba ndio uliokuwa unaisukuma. Ndiyo maana wengi huingiza chiti ya pesa, hufurahi kwa saa moja, kisha huiacha gemu wakidai inachosha. Gemu haikubadilika. Waliondoa kilichokuwa kinawafanya waamue. Jaribu chiti zinazogusa vitu vya pembeni kwanza, kama hali ya hewa au gari, na uziogope zile zinazogusa pesa, maisha na muda. Hizo tatu ndizo zinazoshikilia gemu nyingi zisianguke.

Halafu kuna madhara yasiyotangazwa. Kwenye Grand Theft Auto: San Andreas ya 2004, kila aliyeicheza anaijua HESOYAM: afya, fulana ya kuzuia risasi na dola 250,000. Hiyo haina neno. Lakini kuna chiti inayowafanya raia waingie ghasia, na ukiwasha kisha ukahifadhi mchezo, haizimiki tena kwenye sevu hiyo. Safari inaendelea hadi ufike kwenye misheni ambayo unatakiwa kumwokoa Madd Dogg, mwanamuziki wa rap, aliyesimama juu ya jengo akitaka kujirusha. Tabia za raia zimekwishavurugwa, na yeye ni mmoja wao, kwa hiyo anajirusha kabla hujasogea. Unarudia, anajirusha. Hadithi imeishia hapo, na sababu yake ni kitu ulichobonyeza kwa mzaha wiki kadhaa nyuma.

Mpaka uko kwa mwenzako

Yote haya yanamhusu anayecheza peke yake. Mwaka 1992, Nintendo ilishindwa katika mahakama ya rufaa ya Marekani ilipotaka kuzuia Game Genie, kifaa kilichochomekwa kati ya kaseti na mashine ili kubadilisha uchezaji. Mahakama haikuona kosa kwa mtu kubadilisha mchezo alioununua kwa starehe yake nyumbani. Nakubaliana nayo kabisa.

Kwenye seva, yaani mchezo wa mtandaoni wenye watu wengine, hoja hiyo haina mguu wa kusimamia. Programu inayokulengea shabaha au kukuonyesha adui nyuma ya ukuta haikusaidii kukwamuka, maana hukukwama popote. Kuna mtu upande wa pili ambaye jioni yake umeichukua. Kufungiwa na VAC, mfumo wa kampuni ya Valve wa kunasa wenye chiti mtandaoni, uliopo tangu 2002, ni kwa kudumu. Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi: sheria iliyopitishwa mwishoni mwa 2016 inawagusa watengenezaji na wasambazaji wa programu hizo, kwa kifungo cha hadi miaka mitano au faini ya hadi won milioni 50. Na hata usipojali wenzako, jali kompyuta yako. Programu hizi kwa kawaida hukuomba uzime kinga ya virusi ili zifanye kazi, na mtu asiyekujua anayekuomba uzime kinga ya virusi hahitaji kuelezewa zaidi.

Miongozo, kwa upande mwingine, ni halali hata kwenye mashindano. Kusoma mpangilio wa silaha au kutazama mchezaji bora anavyojipanga ni mazoezi. Cha kuangalia ni mnapocheza wawili kwa kushirikiana: mmoja akichungulia fumbo kimyakimya kisha akajifanya amegundua, amemnyang'anya mwenzake nusu ya mchezo. Chunguliani pamoja au msichungulie.

Zimebaki nyara na mafanikio, zile alama unazopewa na gemu kwa kutimiza jambo fulani, ambayo wengine huyakusanya kwa bidii. Gemu nyingi huyazima chiti ikiingia, na hazifanani. Grand Theft Auto V huyazima kwa kipindi kile cha kucheza tu. Minecraft, toleo la Bedrock, huyazima daima kwa dunia uliyoingizia chiti, na kuzima chiti baadaye hakuyarudishi. Kwa hiyo hifadhi kwenye nafasi tofauti kabla ya kujaribu chiti yoyote, na kwenye Minecraft inakili dunia yako kwanza, kisha ufanye vurugu zako kwenye nakala.